Kastabini ya Baba

Tangu kiharusi kimfunge ulimi, fundi cherehani yule mzee alisema kwa kastabini, kile kikofia cha chuma alichozoea kuvaa kidoleni. Aligonga ukingo wa kitanda: hivi, maji, vile, ageuzwe. Binti yake alimwelewa. Mchana binti alikuwa kazini, na mdogo wake wa kiume aliyebaki na mzee hakuambulia kitu. Basi binti akachukua aliyojifunza darasa la jioni la kompyuta, akaifundisha simu ya zamani kusikiliza milio ile na kutamka maana yake. Mifano ilikuwa michache, maana mzee alichoka upesi. Kila mfano aliuombea dua.

Jumamosi moja mzee akagonga mfululizo, bila kukoma.

"Anataka maji," simu ikasema.

Mdogo mtu akaleta kikombe. Mzee akakisukuma, maji yakalowesha shuka. Akagonga tena, machozi yakimlengalenga.

"Anataka maji."

"Dada, hii simu yako ina kiherehere! Haijui kitu, na kunyamaza haiwezi."

"Kama wewe," dada akajibu, ila yalimchoma. Aliifundisha kujibu, hakuifundisha kukiri kwamba haijui. Kila isichokielewa ilikiita maji.

Akaizima. "Ee Mungu, nifungue masikio mimi kwanza."

Akasikiliza. Ta-ka, ta-ka, ta-ka, kimya kidogo, kisha tena. Akajiona mdogo, amelala chini ya meza ya kukatia, vipande vya kitambaa ndio mto wake, kanyagio la cherehani likienda, likitulia baba akigeuza pindo, likiendelea. Alasiri zote za utoto wake zilikuwa na sauti ile.

"Tufunue cherehani," akasema.

"Tushone nini?"

"Chochote. Hilo shuka limechanika."

Wakaipangusa vumbi, wakaitia mafuta. Dada alipoanza kukanyaga, kidole cha mzee kikatulia, uso ukageukia sauti. Mshono ulipokwenda upogo, akagonga mara moja, kwa ukali.

"Hiyo hata mimi nimeielewa," mdogo mtu akasema. "Fumua!"

Dada akacheka huku analia. Alipomaliza pindo, mzee alikuwa amelala.

Jioni, kabla ya darasa, dada aliiongezea simu maneno mapya: "Anataka cherehani," na lile lililopaswa kutangulia yote: "Sijaelewa."

"Na mimi nifundishe kukanyaga," mdogo wake akasema.

Jumatatu mchana dada alipigiwa simu kazini kutoka nyumbani. Alisikia cherehani ikienda kwa kuchechemea, na kastabini ikigomba.