Mguu Wenye Mkataba

Kila siku ya mechi, saa saba mchana, mguu wa kulia wa Nyundo huchomoka nyongani na kwenda uwanjani. Mkewe huufunga kamba za kiatu, maana mguu hauna mikono.

Ulianza hivyo tangu fainali ya mwisho aliyoicheza Nyundo. Wakati wa mapumziko goti lilikuwa limevimba kama boga. Daktari wa timu akalidunga sindano ya ganzi, na katibu wa klabu akaleta karatasi. Chumbani hakukuwa na meza. Nyundo akaiweka karatasi juu ya goti hilohilo, akatia sahihi, wino ukapenya hadi kwenye ngozi. Dakika ya themanini na tisa akafunga bao, mji mzima ukambeba mabegani. Hakukimbia tena. Klabu ilimwacha msimu huohuo, lakini mguu ulikuwa na sahihi, ukabaki kikosini. Siku zisizo na mechi huutumia mwenyewe, akichechemea, kupiga chokaa mistari ya uwanja uleule.

"Baba, Jumamosi unitoe wewe," binti yake alimwambia. "Mlangoni hadi kwenye gari ni hatua kumi na moja. Nimezihesabu."

"Kwa mguu upi, mwanangu?"

"Kaombe ruhusa."

Akaenda. Katibu wa sasa ni kijana mwenye adabu zake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nauomba mguu Jumamosi. Binti yangu anaolewa."

"Hongera sana! Ila Jumamosi tuna nusu fainali." Akafungua faili. "Na mwenye mkataba ni mguu, mzee. Wako wewe uliisha."

"Mguu si wangu?"

"Nani kabisha?" Akampa kalenda ya klabu. Ilikuwa na picha ya mguu.

Jumamosi saa saba ukachomoka. Nyundo akaushika kifundo kwa mikono miwili. Ukamburuta hadi sebuleni, polepole, bila ubaya, na hapo akauachia. Roho ilimuuma, lakini kwa mbali, kama jino lililotiwa ganzi.

Saa kumi binti akatoka ameshikwa mkono na mjomba wake. Nyundo alikaa kwenye kiti kando ya mlango, mguu mmoja wa suruali mpya umekunjwa na kubanwa pini. Binti alipofika hatua ya nne, uwanja wa mpira, ng'ambo ya barabara, ukalipuka kwa shangwe.

"Nyundo kafunga!" dereva akapiga kelele, redio sikioni.

Wageni wote, mjomba naye, wakamgeukia mzee. Makofi, miluzi, wengine wakampa mkono. Binti akabaki amesimama peke yake, akingoja wamalize. Kisha akatembea hatua saba zilizobaki.

Jioni mguu ukarudi. Nyundo akauosha kwenye beseni. Kando ya sahihi palikuwa na tundu jipya la sindano.

"Mmeshinda?" mkewe akauliza.

"Tumeshinda. Fainali Jumamosi ijayo."

Akaukausha, kidole kimoja kimoja, akauvaa. Akasimama mlangoni, akatembea hadi pale gari lilipokuwa limeegeshwa. Zilikuwa kumi na moja. Mtoto alihesabu vizuri.