Shuka la Mama Mkwe

Mimi nina hasira za karibu, na kazi ya maabara haitaki mtu wa namna hiyo. Alhamisi ile, Daktari, mkuu wetu, aliposimama nyuma yangu akatazama skrini na kusema wamekwisha, nilitamani kummwagia chai yake mwenyewe.

Waliokwisha, kwa maneno yake, ni bakteria wa maziwa ya mgando ya mama mkwe wangu. Wajukuu waliokunywa maziwa yale walikuwa hawajui kuumwa tumbo, ndipo siku moja nikachota kijiko nikakipeleka kazini. Wenzangu wakawaita Wakwe, na jina halikutoka tena. Jumatatu tuliwatia rangi inayong'aa, tukawanywesha panya sita weupe, kisha kila siku tukawapiga panya picha kwa kamera maalumu ili tuone Wakwe wamefika wapi tumboni, na kama wamekaa. Jumanne utumbo mzima ulimeremeta. Jumatano mwanga ukafifia. Alhamisi, giza tupu.

Daktari si mtu mbaya, ila tangu kamera ile ije alikuwa haamini kitu kingine. Akaagiza Wakwe watolewe kwenye friza Ijumaa saa sita mchana, wateketezwe, nafasi wapewe wengine. Kwake ilikuwa rafu moja tu. Kwangu ndio waliobaki duniani, maana mama mkwe aliacha kugandisha maziwa mikono yake ilipoanza kutetemeka, na mbegu yake ya kugandishia ikapotea.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilimkuta mama mkwe anakunja nguo, polepole, akaniuliza ni nani kaniudhi. Nikamweleza yote, hadi ile rangi: kwamba hutiwa mara moja tu mwanzoni, na bakteria hawezi kujitengenezea nyingine. Akajibu huku akikunja shati.

"Nilipozaa wa kwanza, mwanangu, alijifunika shuka zima peke yake. Alipokuja wa pili nikalikata. Walipofika saba, kila mmoja ana kitambaa cha kufutia pua. Sasa mtu angetupima kwa shuka, si angesema tunakwisha?"

Nilikaa chini. Bakteria mmoja akijigawa wawili, rangi nayo hugawanyika nusu kwa nusu, na watoto wao hivyo hivyo. Hilo nililisoma chuoni, na Daktari alilisoma kabla yangu, lakini sote macho tuliyaacha kwenye skrini. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Ijumaa saa moja asubuhi nilifungua kabati la joto la kuoteshea bakteria. Kila siku, kwa mazoea tu, nilikuwa nikipaka kinyesi cha panya kwenye sahani zenye dawa inayoua bakteria wengine wa tumboni ikawaacha Wakwe. Wakiwa hai, huota vidoa vyeupe. Tangu kamera ije hakuna aliyejisumbua kuvihesabu, mimi nikiwemo. Sahani ya Jumanne ilikuwa na vidoa thelathini na kimoja. Ya Jumatano, mia na arobaini; ya Alhamisi ilikuwa bado haijaota. Nikarudia kuhesabu, kwa sababu sijiamini nikiwa na furaha.

Daktari naye alihesabu mara tatu, kalamu mdomoni. Hakuomba radhi, hiyo si desturi yake. Alikwenda kwenye friza akabandika karatasi kwenye rafu: Wakwe wasiguswe. Nikamsamehe papo hapo, na mimi si mwepesi wa kusamehe.

Jioni nikamwonyesha mama mkwe picha ya sahani kwenye simu. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Wote hawa wangu," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyekuja kunisalimia."

Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Akaniambia basi nimwombe Daktari chupa moja ya wale wasiotiwa rangi, aanze tena kugandisha. Macho yangu yakaenda kwenye mikono yake, ikitetemeka mapajani.

"Usiitazame hiyo," alisema. "Wewe niletee mbegu. Mikono ya kumimina unayo."