Pumzi Ishirini na Saba

Kila asubuhi fundi sauti wa ile studio alikuwa ananiamkia, "Shikamoo, Mama," kisha ananiamuru nikakunje nyaya. Alikuwa na umri wa kifunguamimba wangu. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na sita, ishirini kati ya hiyo nimeimaliza nyuma ya cherehani, na mkononi nilikuwa na barua ya chuo iliyosema nipokewe kwa mafunzo ya vitendo, miezi mitatu. Siku ya kwanza aliisoma ile barua mara mbili, akachungulia nyuma yangu, kana kwamba kuna kijana niliyemsindikiza.

"Mwanafunzi ni wewe?"

"Ndiye mimi. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Huyu ameshakauka, lakini mkunje tu, havunjiki."

Alicheka mpaka akashika mlango, nami nikajua tutaelewana.

Watu huniuliza kwa nini sauti, kwa nini si upishi au kufuga kuku. Ni kwa sababu miaka yote ile nilishona redio ikiwa pembeni yangu, na nilikuwa nasikia makosa. Nilikuwa nagombana nayo peke yangu: punguzeni hiyo ngoma, mmemfunika mwimbaji! Watoto walipomaliza shule nikaona heri nikagombane na wanaohusika.

Nyaya za studio zina adabu yake. Mzunguko mmoja unapita juu, unaofuata unapita chini, la sivyo zinajisokota na kukatika ndani kwa ndani. Nilijifunza hilo, nikajifunza kuweka maiki ili isinase mate ya mwimbaji, nikajifunza kunyamaza, jambo ambalo mume wangu alisema haliwezekani. Ila kilichonikamata moyo ni kuhariri. Kwenye kompyuta sauti ya mtu inalala mbele yako kama kitambaa mezani, nawe unakata, unaunga. Kukata na kuunga ndiko kulikowalea wanangu. Haikupita wiki mbili Fundi akanibatiza jina, Mama Mkasi.

"Lakini sikiliza, Mama Mkasi," alikuwa akinikumbusha kila nikikaa kwenye kiti. "Nakili kwanza, ndipo ukate. Ukiikata ya asili, umeikata."

"Nimesikia, mwanangu."

Nilisikia kweli. Kusikia si kushika.

Wiki mbili kabla muda wangu haujaisha alikuja mzee mmoja, mpiga chapa mstaafu, kidole gumba bado cheusi kwa wino. Koo lake lilikuwa na uvimbe. Baada ya siku nne angefanyiwa upasuaji, na madaktari walishamwambia wazi kwamba sauti haitabaki. Binti yake wa pekee alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza. Mzee alitaka kurekodi wimbo wa kubembeleza aliokuwa amemtungia binti huyo alipokuwa mchanga, ili mjukuu naye amsikie babu yake.

Akaomba mtu wa kukaa naye mle chumbani.

"Kaa naye, Mama," Fundi aliniambia. "Usisogee, usikohoe, na ukiweza usipumue."

Aliimba mara moja tu. Kabla ya ubeti wa tatu sauti ilimkwama, akanishika kifundo cha mkono, akakibana. Nikadhani basi, ndiyo mwisho. Kisha akaendelea, akamaliza. Tulipomwomba arudie, koo lilikataa.

Kesho yake Fundi alisafiri kwenda kufunga mitambo kwenye sherehe fulani. Aliniachia kazi ya mzee niisafishe, na kompyuta iliyojaa niipunguze mafaili yasiyotumika. Aliniachia mimi, mwanafunzi! Kichwa kikanivimba kama andazi.

Pumzi za mzee zilikuwa mbaya. Kabla ya kila mstari alivuta hewa kwa mkwaruzo, kama mtu anayeburuta kiti sakafuni. Na fundi cherehani hawezi kuona uzi unaning'inia akauacha. Nikakata ya kwanza, nikakata ya pili, nikazikata zote ishirini na saba. Kila ilipotoka pumzi nikaacha ukimya safi wa urefu uleule, ili wimbo usikimbie. Vile vipande sikuvitupa, maana sijawahi kutupa kitambaa maishani mwangu. Nikavilundika ndani ya kazi ileile, baada ya wimbo kuisha, ovyo ovyo. Kisha nikaunganisha wimbo kuwa kitu kimoja, nikaiambia kompyuta ifute kila kisichotumika. Nakala sikutoa. Si kwamba nilisahau. Niliiamini mikono yangu.

Binti yake alikuja baada ya upasuaji, ametoka hospitali moja kwa moja, macho mekundu. Nikamvalisha vipokea sauti, nikasubiri sifa zangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akavivua taratibu.

"Sauti ni yake," alisema. "Lakini Baba hayupo."

Kwanza nilikasirika, sifichi. Siku mbili nzima nimeinama mpaka shingo imekakamaa!

"Alikuwa anavuta pumzi kabla ya kila mstari," akasema. "Taa ikizimwa nilikuwa simwoni, naisikia ile pumzi, najua hajaondoka. Mama, ziko wapi?"

Nilimwomba arudi kesho, akaondoka akijishika kiuno.

Fundi alirudi mchana ule. Fomu yangu ya tathmini ilikuwa mezani, inasubiri sahihi yake. Ningeweza kusema maiki haikuzinasa zile pumzi, nani angejua? Lakini mzee yule alinishika mkono. Nilipiga moyo konde, nikamweleza Fundi yote.

"Ya asili?" aliuliza.

"Imefutika."

"Nakala?"

"Sikutoa."

"Mama," akasema, basi. Neno hilo tu. Afadhali angenitukana. Nililia mbele ya mtoto wa mwenzangu bila aibu, si kwa ajili ya fomu, bali kwa sababu kulikuwa na mtu hospitalini ambaye hataimba tena, na pumzi zake nimezikata mimi.

Halafu akageuza kiti. "Vile vipande ulivyokata. Ulivitupa?"

"Fundi cherehani hatupi vipande, mwanangu."

Tukafunga mlango. Kila tundu lilikuwa na urefu wake, na kila kipande kilikuwa na urefu wake, kwa hiyo vingi vilirudi kwa vipimo. Vilivyolingana ndivyo vilivyotutoa jasho. Hapo Fundi aliacha kutazama kioo cha kompyuta, akaanza kuniuliza mimi, kwa kuwa nilikaa mle ndani na mzee.

"Hii hapa?"

"Hapana. Hiyo ameivuta kutoka tumboni, ni ya mstari mrefu. Weka ile nyingine."

"Una hakika?"

"Nilikuwa naona mabega yake."

Jua lilipoanza kushuka zote ishirini na saba zilikuwa zimerudi, na ule mkwaruzo, niliouona uchafu, ukawa ndio unaomleta mzee chumbani. Fundi akachukua fomu yangu. Penye mapungufu aliandika, "Hakutoa nakala." Penye uwezo akaandika, "Hatupi kitu." Akatia sahihi.

Binti alirudi kesho yake, akasikiliza, akanikumbatia. Baada ya wiki mbili alimleta baba yake. Mafunzo yangu yalikuwa yameisha, lakini nilikwenda, ningekosaje? Mzee alikuwa na kitambaa shingoni na daftari mfukoni. Tulimpigia wimbo kwenye spika kubwa. Kila ilipofika pumzi mabega yake yaliinuka nayo, na binti alikaa amefumba macho, mkono juu ya tumbo.

Kabla ya ubeti wa tatu mzee akainua kidole. Fundi akasimamisha, akarudisha nyuma, akapiga tena. Mzee akatikisa kichwa, akaandika: *Hii si yangu.*

Fundi alinigeukia. Nilishaijua hata kabla hajageuka.

"Ni yangu, Mzee," nilisema. "Ulipokwama pale niliogopa, nikavuta pumzi. Nisamehe."

"Naiondoa sasa hivi," Fundi akasema, mkono unaelekea kwenye kompyuta.

Mzee akamkamata kifundo cha mkono, vilevile alivyonikamata mimi siku ile. Kwa mkono wa pili akaandika, safari hii kwa kirefu, akampa binti yake daftari. Binti alianza kusoma, akashindwa, akaanza upya.

"Iacheni. Mjukuu ajue kwamba sikuwa peke yangu."

Nilitoka kwenda kukunja nyaya. Zilikuwa zimekunjwa tayari. Nikazikunjua, nikazikunja tena.