Mfukizaji wa Taa ya Kamati

Taa ya magari ilipowaka nyekundu, Atwa alishuka barabarani na kopo lake la samli, mkaa ukiwaka ndani, ubani juu yake. Mkongojo alikuwa ameuacha kwa Karam, muuza juisi ya miwa. Mkono mmoja ulishika kopo, wa pili uligonga vioo. Mkongojo ungetaka mkono wa tatu.

Hakuendea kila gari. Alitafuta lenye shanga za buluu, au kiatu cha mtoto mchanga kilichoning'inizwa mbele ya dereva. Mwenye vitu hivyo anaogopa jicho la husuda, na mwenye kuogopa hutoa. Kazi ilikuwa hivi: unafukiza kwanza, unaomba baadaye. Moshi ukishaingia, mtu hawezi kusema hakuupokea.

Gari jeupe lilikuwa na vyote viwili, na dirisha nusu wazi. Atwa aliingiza kopo.

"Jicho la hasidi lipasuke, bwana mkubwa. Watoto wako salama."

"Ondoa uchafu wako humu."

"Nimeshafukiza, bwana mkubwa. Toa chochote."

"Una mikono miwili. Nenda kafanye kazi."

Kioo kilipanda. Taa ikawa kijani. Tangu alfajiri Atwa hakuwa amepata kitu, na nyumbani mkate uliobaki ulikuwa wa juzi. Alishika kitasa cha mlango akakimbia na gari. Chuma kilichomo nyongani kilimchoma hadi kwenye meno. Hatua kumi, kumi na mbili.

"Basi jicho limpate huyo mwenye kiatu," alisema kwa nguvu, mdomo karibu uguse kioo. "Limpate yeye."

Yule mtu aligeuka akamtazama vizuri. Kisha gari likamponyoka, likakunja kushoto, likaingia kwenye lango la kamati ya afya.

Karam aliona yote. Hakuacha kukamua miwa.

"Umemlaani daktari wa kamati, bwana wangu. Kila adhuhuri nampelekea bilauri yake."

"Leo ndiyo zamu yangu kwenye kamati."

"Najua. Chukua mkongojo wako, na unawe uso. Unanuka kama kaburi la walii."

Miaka mitatu nyuma Atwa alikuwa akipiga lipu ghorofa ya nne, jukwaa likakatika, akaanguka, nyonga ikaunganishwa kwa chuma. Mkandarasi alisema hamjui. Posho ya walemavu ilitaka mhuri wa kamati, na kamati ilikuwa imemrudisha mara tano. Faili limepotea. Kompyuta imegoma. Daktari yuko likizo. Kila safari alipewa tarehe ya miezi mitatu mbele, na kati ya tarehe na tarehe watu wanakula.

Alipoingia chumbani, daktari alikuwa ameinamia karatasi. Alinusa, ndipo akainua kichwa.

"Wewe."

"Mimi, daktari."

"Asubuhi mkongojo ulikuwa wapi?"

"Kwa muuza juisi."

Karani wa mezani akacheka.

"Barabarani unakimbia kama punda wa mkokoteni. Hapa unachechemea."

"Picha ya eksirei imo kwenye faili. Chuma kinaonekana."

"Nimeona kwa macho yangu. Picha ya kazi gani?"

"Nakimbia kwa sababu mmenirudisha mara tano, daktari."

"Unasikia?" daktari alimwambia karani. "Kumbe sisi ndio tunaomkimbiza."

Bahasha ya picha haikufunguliwa. Mhuri ulishuka mara moja.

"Anaweza kufanya kazi. Rufaa ni baada ya mwaka."

"Itazame tu, daktari. Dakika moja."

"Anayefuata."

Saa za kazi zilipokwisha Atwa alikuwa barabarani tena, mkongojo ukiwa kwa Karam. Gari jeupe lilitoka langoni na kukamatwa na taa, la kwanza kwenye mstari. Kioo kilishuka chote kabla hakijagongwa.

"Njoo," daktari alisema, akitazama mbele. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Yale maneno ya asubuhi. Yaondoe."

"Maneno gani, bwana mkubwa?"

"Usinichezee. Binti yangu anapasuliwa koo kesho." Alitoa noti ya pauni mia, akaibana kwenye usukani kwa kidole. "Fukiza. Vizuri."

Atwa aliitazama noti.

"Na mhuri?"

"Mhuri umeshapigwa. Fukiza."

Atwa alitia ubani juu ya mkaa. Akaupitisha moshi juu ya usukani, juu ya shanga, juu ya kiatu kidogo. Kiatu kikayumba. Daktari alifumba macho na midomo yake ikasoma kitu. Juu yao namba za taa zilikuwa zikihesabu kurudi nyuma: kumi na moja, kumi.

"Na kiti cha mtoto. Kule nyuma, upande wa pili."

Atwa aliegemea boneti na kuanza kuzunguka pua ya gari, akiuburuta mguu. Pikipiki zilianza kupiga honi. Tano, nne. Noti ilikuwa bado chini ya kidole cha daktari, naye alitoa kichwa dirishani.

"Kimbia basi, mtu wewe. Kimbia."