Damu Isiyoganda

Macho ya Saidi yalipogeuka manjano kama binzari, majirani pale juu ya Soni walisema ni nyongo, wakamletea mizizi ya kuchemsha. Mkewe, Mwanaisha, akamnywesha. Umanjano ukazidi, na kila alipopiga mswaki, ufizi ukachuruzika damu. Ndipo wanaume wakaacha shamba la ujamaa, wakambeba kwa machela mpaka hospitali.

Daktari Mika alimwita Mwanaisha kando.

"Mama, mrija wa nyongo umezibwa na jiwe. Dawa yake ni kisu. Lakini damu yake haigandi. Nikimpasua leo, ataishia mezani."

"Kwa nini isigande, daktari?"

"Amepungukiwa vitamini K. Inapatikana kwenye mboga za majani."

Mwanaisha nusura acheke. Mumewe alikuwa mkulima wa kabichi, na mshunga, mboga ya porini, mchungu vile, haukukosa chunguni mwao. "Saidi akose mboga?"

"Anazila, ila nyongo isipopita, vitamini hiyo haiingii mwilini. Lazima tumchome sindano kwanza."

Sindano hazikuwepo. Zilingojwa kutoka Tanga, na mvua ilikuwa imeporomosha mlima juu ya barabara ya Mombo. Mwanaisha akawa analala sakafuni kando ya kitanda, akimfuta mumewe damu ya pua. Barabara ilipozibuliwa, dawa ikafika. Muuguzi alipovunja kichupa cha kwanza, Mwanaisha alimshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikaitikia.

"Nikipona," Saidi akasema, "tutapanda viazi kule bondeni."

Wakaendelea kumchoma. Kila asubuhi daktari alichota damu kidogo kwenye kijichupa cha kioo, akangoja, akakiinamisha. Ikatiririka kama maji. Mwishowe akaacha kuipima.

"Ini limeharibika, mama. Vitamini tumempa, lakini ini ndilo la kuifanyia kazi, nalo halina uwezo tena. Siwezi kumpasua."

"Na tungemleta mapema? Kabla ya ile mizizi?"

Daktari akachukua faili la Saidi, akaandika ruhusa ya kurudi nyumbani.

Wanaume wakamrudisha kijijini kwa machela. Njiani Saidi aliuliza siku ya kupasuliwa. Mwanaisha akamwambia apate nguvu kwanza, naye akaamini.

Alifariki juma lililofuata. Hata waliomwosha walihangaika, kwani damu iliendelea kuchuruzika puani, wakaziba kwa pamba, ikalowa, wakaziba tena. Mwanaisha, nyuma ya pazia, alisikia mmoja akiagiza pamba nyingine.