Maini ya Laurentine

Stanislas, mume wa mdogo wangu Laurentine, hakutaka maini yapikwe nyumbani kwake. Wala figo, wala moyo, wala matumbo, wala ulimi. Ng'ombe wake yeye alikuwa na mapaja tu. Vyote vingine ambavyo Mungu alimwekea mnyama ndani, kwa Stanislas vilikuwa aibu.

Alikuwa karani katika ofisi moja ya mjini, kule kwenye maduka na mabenki, na kila asubuhi alitoka nyumba yao ya commune Albert, mtaa wa watu weusi, amefunga tai, kofia ameishika mkononi ili watu waone alivyochana nywele. Mtu wa Kasai, amesoma kwa mapadri, anaandika Kifaransa safi, hilo simnyimi. Lakini mwaka ule alikuwa anaitafuta ile kadi ambayo Wabelgiji walikuwa wanawapa watu weusi waliowaona wamestaarabika, na kadi ile ilimla akili. Kabla ya kuipata, komisio ya wakaguzi ilikuwa inakuja nyumbani kutazama: mnalala juu ya nini, mnakula kwa uma au kwa vidole, choo chenu kikoje, bibi anakaa mezani na bwana yake au anakaa chini jikoni. Wanaume wazima walikuwa wanafunuliwa masufuria yao kama wezi, na siku hiyo waliingoja kama Noeli. Niliwadharau wote, waliofunua na waliofunuliwa. Stanislas nilimdharau zaidi, maana yeye nilimwona kwa karibu.

Wakati huo Laurentine alikuwa na mimba ya kwanza. Nyumbani kwao walikula mkate na konfitiri ya matunda, dagaa wa kopo, wali mweupe, na kahawa ya maziwa ya kopo. Bukari, ugali wetu, ilipikwa kwa siri, sombe ya majani ya muhogo ilipikwa kwa siri zaidi, mpaka Laurentine akachoka kuficha, akaacha. Mimba ilipokuwa kubwa, alianza kukaa chini kila baada ya hatua chache. Jioni alikuwa anapapasa ukuta kutafuta mlango. Siku moja nilimkuta nyuma ya nyumba anavunja udongo wa kichuguu na kuutia mdomoni.

"Yaya, usiniangalie hivi," akaniambia. "Muili ndio unaomba."

Nikampeleka maternite. Aliyempokea alikuwa Mama Constance, mkunga, mwanamke mwenye mikono mikubwa na subira ndogo. Alivuta chini kope ya Laurentine, akatazama, akavuta na ya pili.

"Damu yako iko sawa na maji ya kuoshea mchele," akasema. "Unakula nini?"

Laurentine akamwambia. Constance akamsikiliza mpaka mwisho, akacheka bila furaha.

"Konfitiri! Mutoto ajenge mifupa na konfitiri? Sikia, mama. Utakula maini. Mnyama anaweka akiba ya damu ndani ya maini, na ile inayofanya macho yaone jioni iko humo humo. Kipande sawa na kiganja, mara mbili kwa juma. Siku zingine figo, ao moyo. Usiyakaushe juu ya moto mpaka yawe kiatu. Damu ikiacha kutoka, yameiva. Na sombe, na maharagi. Vidonge nitakupa, lakini vidonge peke yake havitatosha."

Tulipofika nyumbani, Stanislas alikuwa amerudi kazini. Nilimweleza mimi, maana Laurentine alikuwa amejilaza. Alinisikiliza akiwa anakunja koti lake taratibu juu ya kiti.

"Mama Constance anajua kuzalisha," akasema. "Kuishi hajui."

"Kuzalisha ndiko tunakotaka, shemeki."

"Nitasema mara moja tu. Matumbo-matumbo hayaingii humu. Maini ni chakula cha watu wa kambi, wanaopigania ndoo nyuma ya machinjio. Harufu yake inashika mapazia. Kesho komisio ikuje, bazungu banuse, baseme nini? Baseme huyu angali mushenzi."

"Na bibi yako akikufa, hayo mapazia yatamulilia?"

Akavuta pumzi, kama mwalimu aliyepewa darasa la wajinga. "Nitamununulia steki. Na vin tonique."

Steki aliinunua kweli, siku moja. Akaikata yeye mwenyewe kwa kisu na uma, akamfundisha Laurentine namna ya kushika kisu, na somo lilipokwisha nyingi ilikuwa imekwishaingia tumboni mwake. Ile divai ya dawa akaiweka kwenye kabati la vioo, etiketi ya jina imeelekea mlangoni.

Basi nikapika mimi. Nyumba yetu iko commune ya Kenya, mtaa mwingine wa mji huo huo; mume wangu Mwape, mtu wa Sakania, anafanya kazi kwenye reli na hajawahi kuuliza nyama ilitoka sehemu gani ya ng'ombe. Mwanzoni Laurentine alikuja mwenyewe kula. Baadaye njia ikamshinda, akawa anasimama barabarani ameshika kifua. Nikaanza kumpelekea mimi asubuhi, bwana akiwa ofisini, sufuria ndogo ndani ya kikapu, kitambaa juu. Mtu anaiba nafasi ili mdogo wake ale katika nyumba yake mwenyewe. Nilikuwa natembea na hasira ile yote, mpaka kwa mlango.

Siku ya komisio, Stanislas hakwenda kazini. Alikuwa ameambiwa watakuja alasiri. Mimi sikujua lolote. Nilifika asubuhi na kikapu changu, nikamkuta amesimama katikati ya sebule na kitambaa cha vumbi mkononi.

"Leo hapana, shemeki! Leo hapana!"

"Anakula, halafu ninaenda," nikamwambia, nikapita. Laurentine alikuwa jikoni, amekaa kwenye kiti, midomo imekauka. Nikaweka sufuria juu ya mbabula, jiko la makaa, ili ipate moto. Maini na vitunguu, nyanya kidogo. Harufu ikapanda. Stanislas alikuwa bado anabishana nami aliposikia mlango wa gari ukifungwa nje.

Hawakungoja alasiri, walikuja mapema. Walikuwa watatu. Mzungu mmoja mzee, jaji, aliyehamishwa kutoka Léopoldville juzijuzi na asiyejua Kiswahili hata cha kuomba maji. Mzungu kijana, kimya. Na Monsieur Symphorien, mtu mweusi mwenye kadi tayari, rafiki wa Stanislas wa kule cercle wanakosoma magazeti na kunywa bia kwa glasi. Walitazama kitanda. Walitazama choo. Yule kijana alifungua kabati, akahesabu uma. Stanislas alitembea nyuma yao amefumba mikono mbele, na kila walipotikisa kichwa, naye alitikisa.

Kisha mzee akaingia jikoni. Akanisalimia, akamsalimia Laurentine, akainama juu ya mbabula na kufunua sufuria. Nilimwona akivuta ile harufu. Uso wake ukalainika, akafungua mdomo aseme neno, na nadhani lilikuwa neno zuri. Stanislas hakumngoja.

"Ni cha mbwa, Monsieur le Juge," akasema kwa Kifaransa. Kifaransa sikisemi, lakini masista walitufundisha kukisikia, mimi na mdogo wangu.

Mzee akarudisha kifuniko. "Ah. Mna mbwa?" Akatazama uani. Uani palikuwa na kamba ya nguo na karai. "Yuko wapi?"

Stanislas naye akatazama uani. Tai ilikuwa inapanda na kushuka shingoni mwake. Sikumsaidia. Nilitaka kuona atamtoa wapi huyo mbwa.

Laurentine ndiye aliyejibu. Alishika ukuta, akasimama, tumbo lake mbele, akamtazama yule mzungu usoni.

"Imbwa njo miye," akasema.

Mbwa ni yeye. Hakupaza sauti, wala hakulia. Alilisema kama mtu anayetaja jina lake ofisini.

"Anasema nini?" mzee akamuuliza Symphorien.

Symphorien alimtazama Stanislas, akamtazama Laurentine, akatazama viatu vyake mwenyewe, vilivyong'aa. "Anasema mbwa yuko kwa dada yake," akajibu.

"Vizuri," akasema mzee. Wakatoka. Nikawasikia sebuleni wakiisifu ile divai ya dawa.

Nilidhani Stanislas atarudi jikoni apige kelele. Alirudi, lakini hakuweza kututazama. Akasema tu, "Mumetaka kuniua," akaenda kukaa chumbani. Laurentine alikula maini yake yote, polepole, akasafisha sahani kwa mkate. Kisha akaniambia, "Yaya, uniletee nguo zangu." Nikatuma mtu kwa Mwape. Akaja na baiskeli, akamkalisha nyuma, akaisukuma kwa miguu mpaka Kenya, mimi pembeni nimebeba mzigo. Stanislas hakutoka nje. Pengine aliogopa majirani.

Kwangu Laurentine alikula. Maini na sombe, figo na vitunguu, moyo wa ng'ombe uliochemshwa na chumvi tu, maana ndio alioupenda zaidi. Hakuna miujiza niliyoiona. Niliona mtu anayekula. Wiki zikapita, kucha zikapata rangi. Udongo wa kichuguu akausahau. Jioni moja nikamwona anatembea uani, anapita kati ya mitungi bila kugusa hata mmoja, na akanikemea kwa sababu nilikuwa nimemkodolea macho.

Alizaa mtoto wa kike. Alitoka damu nyingi, na Constance alifunga mlango kwa muda mrefu. Alipotoka alikuwa amelowa jasho. "Wote wawili wazima," akaniambia. "Lakini angalikuja hapa na ile damu ya maji ya muchele, sasa hivi ningekuwa ninakutafutia maneno mengine." Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu ya korido.

Stanislas alikuja Jumapili, baada ya misa, na kopo la biskuti. Tulikuwa uani, Laurentine juu ya mkeka na mtoto kifuani, bukari na maini mbele yetu. Akasimama. Akatoa kitu mfukoni.

"Nimepewa kadi," akasema.

"Nimezaa," Laurentine akajibu.

Akairudisha mfukoni. Akamtazama mtoto kwa muda. Nitasema ukweli, uso wake ulibadilika. Lakini mtu yeyote akitazama mtoto wake uso hubadilika, hilo halimfanyi kuwa mtu.

"Kaa," Laurentine akamwambia. "Kula."

Aligeuka kwanza kutazama barabara. Kisha akaniomba uma. Nikamwambia haiko. Akapandisha suruali magotini isivunje mkunjo, akachuchumaa, akanawa. Nilijiandaa kumcheka. Lakini vidole vyake vilimega bukari, vikaifinyanga, vikatoboa kishimo kwa dole gumba, vikachota mchuzi na kipande cha ini bila kumwaga tone. Mikono ile ilikuwa imekwishaijua kazi hiyo zamani. Akala tonge la kwanza, la pili, akaacha kuhesabu nani anamwona.

"Ku misioni tulikuwa tunapewa hii tu," akasema, macho kwenye sufuria. "Nyama ilienda kwa mapadri. Sisi, ndoo ya matumbo. Nilipofika ku ofisi, kulikuwa mutu mumoja wa misioni yetu. Akaniita Tumbo mbele ya bote. Miezi mingi, Tumbo, Tumbo."

"Kwa nini hukuniambia?" Laurentine akauliza.

"Niliona haya, mama. Haya tu."

Pengine ni kweli. Niliifikiria hadithi hiyo usiku na asubuhi, na kila nilipokaribia kumhurumia nilikumbuka mdogo wangu akipapasa ukuta. Mtu aliitwa jina baya, kwa hiyo bibi yake ale udongo? Mwape aliniambia nina roho ngumu. Ninayo.

Laurentine hakurudi naye siku ile. Alimwambia: "Jumamosi uende weye mwenyewe ku mabusheri. Mchana. Na tai yako. Ununue maini, uyabebe mpaka nyumbani, upite mbele ya cercle. Hapo nitakuja."

Stanislas aliinamisha kichwa, akaenda zake.

Jumamosi nikamfuata kwa mbali, sikutaka kusimuliwa. Alitoka kwa mwuza nyama amebeba furushi la gazeti, akilishika mbali na koti. Hakufika kona ya kwanza kabla damu haijapenya karatasi na kuanza kudondoka kwenye vumbi. Alitembea wima, shingo imekakamaa, jasho likimtoka. Mbele ya cercle barazani walikuwa wamekaa watu sita au saba, na Symphorien kati yao. Stanislas akapunguza mwendo. Nadhani alikuwa anangoja wacheke, amalizane nalo.

Symphorien aliinua glasi. "Bonjour, Stanislas," akasema, akaendelea na gazeti lake. Mwingine alisogeza kiti kivulini. Hakuna aliyetazama furushi. Wanawake waliokuwa wanarudi sokoni walipita, mmoja akiwa na utumbo mzima kwenye beseni kichwani, wakamsalimia baba karani kwa heshima. Miaka yote ile ya mapazia na konfitiri, na hakukuwa na hata mtu mmoja aliyekuwa anachungulia sufuria yake, isipokuwa wazungu aliowaalika mwenyewe.

Alisimama kidogo pale barabarani, damu ikimdondokea kwenye kiatu, halafu akaendelea kwenda.

Laurentine alirudi kwake juma lililofuata. Mtoto walimbatiza Hortense. Ana mashavu, na sauti ya kukera. Stanislas sasa hununua maini mwenyewe, na nasikia kule cercle anawaeleza wenzake faida zake, kwa Kifaransa, kama mtu aliyeyagundua. Mimi hunisalimia kwa kuvua kofia. Namjibu, "Bonjour, shemeki," na kumwuliza habari za mdogo wangu. Za kwake siulizi.