Kisakye Hakutia Sumu

Kwa wiki nzima hakuna aliyegusa maharage ya Kisakye. Mama huyu Mganda alikuwa na kibanda cha chakula katika mtaa wa Hai Mauna, na mteja wake mkubwa, seremala Severino, alikuwa amelazwa hospitalini akipumua kwa oksijeni. Siku aliyozidiwa alikuwa ametoka kula kwake. Kipimo cha korona cha puani kilionyesha hana virusi. Basi Rejoice, dada yake Severino, akasimama mbele ya kibanda, watu wakisikia, akasema, "Kama si ugonjwa, ni sumu."

"Mimi pia nakula hii chakula," Kisakye alijibu. "Na watoto yangu."

Hakuna aliyemsikiliza.

Wiki iliyofuata Lino, mpimaji wa maabara ya hospitali, alimwita Rejoice.

"Dada, Severino aliumwa siku ngapi kabla ya kuletwa?"

"Kumi na mbili hivi. Alikohoa tu, akakataa kuja."

"Ndiyo maana. Mtu akichelewa hivyo, virusi puani huweza kuwa vimekwisha, huku mapafu yameshaharibika. Kwa hiyo nikapima damu. Mwili ukipigana na virusi hutengeneza kingamwili, kila ugonjwa na zake. Damu ya siku aliyolazwa ilikuwa na kingamwili za korona kidogo. Katika ya jana zimepanda mara nane."

"Na sumu?"

"Sumu haipandishi kingamwili za korona."

Rejoice aliingia wodini. Severino sasa aliweza kusema maneno matano bila kupumzika. Rejoice alimweleza yote, hata yale aliyotamka pale kibandani.

"Ulimwambia hivyo Mama Kisakye?" Severino akavuta pumzi. "Sasa mimi nitakula wapi?"

Kesho yake Rejoice alifika kibandani saa ya chakula, makusudi, ili waliosikia lile wasikie na hili. "Nilikosea," alisema. "Damu imepimwa, ni korona. Mama, maalesh. Nisamehe."

Kisakye aliendelea kukoroga. Baadaye akauliza, "Umekula leo?"

"Bado."

"Kaa."

Alimpakulia posho, ugali wa kwao, na maharage, mlima mzima. Rejoice alikula huku macho yote yakimtazama, akaomba aongezwe. Manyang, fundi wa pikipiki wa jirani, akavuta benchi. "Nipe na mimi." Kufika saa nane sufuria lilikuwa tupu, isipokuwa bakuli moja ambalo Kisakye alilifunga kwa kitambaa.

"Twende," alimwambia Rejoice. "Nataka mimi mwenyewe naona yeye anakula."

Severino alikula polepole, akipumzika kila tonge, naye Kisakye akimgombeza kando ya kitanda. "Siku kumi na mbili unakohoa, kwangu unasema ni vumbi ya mbao. Ungeniambia, ningekubeba kwa mgongo."

Severino, mwenye kilo tisini, alicheka hadi nesi akaja kuangalia kuna nini.